Ngome ya Lamu, inaposimuliwa kama jela

Nimeitembelea Ngome ya Lamu mara mbili. Mara ya kwanza nilipelekwa na kampuni moja ya utalii, ambayo mwongozaji wake alisimulia kwa kirefu jinsi ngome ilivyojengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, ambamo watu wa Lamu waliwashinda wavamizi wa Pate na Mombasa, lakini habari za jela akazimaliza kwa sentensi moja. Mwezi uliopita nilirudi na mzee mmoja wa Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, anayetembeza wageni kwa miadi, na huduma yake ndiyo ninayoiandikia hapa, kwa kuwa jengo hili lilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984.

Alianzia nje, uwanjani Mkunguni, akitukumbusha kuwa watu wa pwani walikuwa wakiita ngome gereza, na kwamba Ngome ya Yesu kule Mombasa nayo ilifanywa jela kutoka 1895 hadi 1958. Kisha akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia likisemwa waziwazi hivyo: jela za mkoloni hazikujaa kwa wingi wa wezi, bali kwa wingi wa sheria. Aliyeshindwa kulipa kodi ya kibanda, mwanamume aliyekutwa bila kipande (kitambulisho ambacho mkoloni aliwalazimisha Waafrika kukibeba), kibarua aliyetoroka kwa mwajiri kabla ya mkataba kwisha, wote waliweza kufungwa. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 ili kuzima uasi wa Mau Mau, makumi ya maelfu ya watu waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, wengine hapo Manda, ng'ambo ya maji tu, na wengine katika kambi ya Hola, kando ya mto Tana, ambako 11 walipigwa na askari hadi wakafa tarehe 3 Machi 1959.

Ndani alituingiza katika chumba cha chini, akaurudisha mlango, akatuomba tunyamaze. Ukuta wa matumbawe ulikuwa wa baridi na chokaa yake ikanibaki kiganjani, huku kelele za sokoni zikitufikia wazi, mpaka mtu akisikika akipatana bei ya samaki. Mfungwa wa Lamu alifungwa katikati ya mji wake, akiwasikia watu wake kila asubuhi.

Upungufu ninaouona ni kwamba mzee aliharakisha miaka ya baada ya uhuru, ilhali jela hii iliendelea kutumika kwa zaidi ya miaka 20 chini ya serikali yetu wenyewe. Malipo yake ni ya haki, na kiingilio hulipwa kando. Nendeni asubuhi, soko likiwa limechangamka, na mumwombe asiwapitishe haraka chumba cha chini.