RSS bado inafaa? Uzoefu wangu nikiwa Busia

Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda. Kila asubuhi nahitaji habari za Kampala, Nairobi na Dar, na zote nazisoma kwa RSS, yaani mlisho (faili ambamo tovuti huorodhesha habari zake mpya), ndani ya Thunderbird, programu ya barua pepe inayosoma pia milisho. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kwanza, bando. Kompyuta yangu inapata intaneti kupitia simu, na tangu Julai 2021 data hapa inatozwa ushuru wa asilimia 12. Ukurasa uliojaa matangazo na video zinazojicheza zenyewe unakula bando bure bilashi. Mlisho ni faili la maandishi tu. Tena programu huiuliza seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwanza kama kuna jipya. Seva iliyopangwa vizuri ikijibu 304, yaani hakuna kilichobadilika, hata faili lenyewe halishuki. Na Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, wenzangu waliozoea kusoma habari huko walihangaika na VPN, programu ya kukwepa kizuizi. Mimi, intaneti iliyozimwa siku hizo iliporudi, niliendelea kama kawaida.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya wenye tovuti. Wengi wanatoa kichwa cha habari na mistari miwili, basi. Tovuti moja niliyoitegemea kwa viwango vya kubadilisha fedha imeufuta mlisho wake kabisa. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba takwimu zinaonyesha hautumiki. Takwimu zipi? Vihesabio vingi vya wageni hutegemea JavaScript (msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari), na kisomaji cha milisho kinapovuta faili hakiiendeshi. Naweza kusoma kila siku na bado nisihesabiwe. Wangefungua kumbukumbu za seva yao wangetuona, tena si mimi peke yangu.

Sisemi kila cha zamani kibaki. Kuweka matoleo ya RSS 0.91, 1.0, 2.0 na Atom (aina nyingine ya mlisho) kwa pamoja ni kujitwisha mzigo, bakiza 2.0 ya mwaka 2002, hizo nyingine uzielekeze huko. Kivinjari cha Firefox walipoondoa kisomaji chao cha milisho Desemba 2018 sikulalamika, programu nyingine zipo. Ila kuufuta mlisho wenyewe ni kuokoa nini? WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, huutengeneza bila kuombwa: ongeza /feed/ mwisho wa anwani uone.

Kinachonichekesha ni watu wa redio wanaosema RSS imekufa huku wakitoa podikasti kila wiki. Wanadhani vipindi vyao vinazifikiaje simu zetu kama si kwa RSS?