Chuo cha ualimu Moshi: darasani safi, BTP pasua kichwa

Mnaonitumia meseji kuuliza chuo nilichosomea ualimu wa msingi hapa Moshi kikoje: jina nalihifadhi, nyota nakipa tatu kati ya tano.

Darasani sina neno. Andalio la somo ukilipua, linarudi limejaa wino mwekundu. Zana tulitengeneza wenyewe kwa maboksi, manila na vifuniko vya soda. Hosteli ni maharage na maji ya mgawo, kama vyuo vingine.

Nyota mbili zimeondoka na BTP, yale mazoezi ya kufundisha mashuleni. Mimi ni Mhindi wa Moshi, baba ni fundi pampu Njoro. Bibi yangu alisoma enzi za mkoloni, kila rangi na shule yake, mambo yaliyofutwa baada ya Uhuru. Nafika shule niliyopangiwa, barua mkononi, mwalimu wa zamu ananikaribisha kwa Kiingereza na kuniuliza nimekuja kujitolea kwa muda gani. Simlaumu sana, mji huu vijana wa kujitolea kutoka Ulaya wamejaa. Ila chuo kilishindwa hata kupiga simu?

Halafu mwalimu wa taaluma akanipa Kiingereza, eti nitakiweza zaidi. Barua inasema Hisabati! Nikampigia mratibu wa BTP. “We fundisha tu dada, maksi si zile zile?” Aliyeniokoa ni mwalimu mlezi, mama mmoja wa Kichaga, akaniachia vipindi vyake vya Hisabati bila kelele.

Siku ya kukaguliwa nilifundisha hesabu za sehemu kwa chapati. Mtoto mmoja wa nyuma akashikilia kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi, kwa sababu nne inaizidi tatu. Sikumbishia. Nikakata chapati mbili, moja vipande vitatu sawa, nyingine vinne, nikamwambia achague kipande ale. Akavitazama weee, akachukua theluthi, darasa zima likapiga kelele. Nilitegemea mkufunzi aseme chochote juu ya hapo, hata kukosoa. Kwenye fomu, sehemu ya maoni, kaandika: “Anazungumza Kiswahili vizuri sana.” Basi. Jamani, nimezaliwa KCMC, hospitali ya hapa hapa Moshi!

Mwenzangu mwenye asili ya Kisomali, shuleni kwake walidai kitambulisho cha taifa kabla hata ya kufungua barua. Wenzetu wengine hawakuombwa. Alipolalamika chuoni akaambiwa avumilie, watamzoea. Watoto kweli walituzoea haraka, mimi wakawa wananiuliza chapati ziko wapi. Waliohitaji kuelekezwa ni wakubwa, na hiyo ni kazi ya chuo, tumekilipa ada.

Kama na wewe ni wa kuulizwa kila mahali “kwenu wapi?”, jiunge tu, ualimu utaujua. Ila kabla barua za BTP hazijatoka, nenda kwa mratibu, hakikisha somo lako limeandikwa, na apige simu shuleni ukiwa umekaa hapo hapo.