Mashine ya DVD ya "kukuza picha" niliyouziwa Kisumu

Nimechelewa kuandika haya kwa sababu nilitaka hasira zipoe kwanza, lakini hazijapoa. Miezi kadhaa iliyopita nilinunua mashine ya DVD inayouzwa kwa sifa ya kukuza picha, yaani kuichukua picha ya diski ya kawaida na kuitoa kwenye runinga kana kwamba ni ya HD, yaani picha kali yenye maelezo mengi zaidi. Sikuitaka kwa ajili ya filamu. Nina diski moja tu ninayoijali, ya sherehe ya kustaafu kwa marehemu baba yangu, na hakuna mahali pengine ninapoweza kumwona akitembea na kuzungumza.

Muuzaji, katika duka moja la katikati ya mji, aliniapia kwamba ningemwona baba kama amesimama sebuleni. Nilifika nyumbani Mamboleo, nikaunganisha, na uso wa baba ukawa uleule wa ukungu, ila sasa kichwa chake kilizungukwa na mstari mweupe ambao haukuwepo awali. Niliporudi kesho yake na risiti, kijana yule hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Aliniambia, mbele ya wateja wengine wawili, "Mama, mashine ni nzima. Nenda ukapimwe macho kwanza." Nina umri wa kumzaa, na mkononi nilikuwa nimeshika diski ya mzazi wangu aliyefariki. Nilitoka bila kusema neno, na hilo linaniuma hadi leo kuliko pesa zenyewe.

Fundi mmoja wa Kibuye ndiye aliyenieleza kwa upole yale ambayo muuzaji alipaswa kunieleza. DVD za huku kwetu kwa kawaida hubeba picha ya mistari 576, ilhali runinga ya HD kamili ina mistari 1080. Ukihesabu pikseli, yaani vile vinukta vidogo vinavyounda picha, diski hutoa takriban moja ya tano tu ya zile zinazohitajika kujaza skrini. Zilizobaki hukisiwa kutokana na zile zilizo jirani, na hakuna mashine inayoweza kurudisha kunyanzi la uso ambalo diski haikulihifadhi. Tena runinga yoyote bapa hufanya ukisiaji huo yenyewe, kwa kuwa haina namna nyingine ya kuijaza skrini yake. Hakuishia kwenye maneno: aliiweka mashine itoe mistari 576, kisha 1080, akirudia mara kadhaa pale baba anapokata keki, nami sikuona tofauti yoyote isipokuwa ule mstari mweupe, uliotokea kwenye 1080 na kutoweka kwenye 576. Kwa hiyo nilikuwa nimelipia kazi ambayo runinga yangu ilikuwa ikiifanya tangu siku niliyoinunua!

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo siwezi kulinyamazia. Mashine yangu ya zamani niliiunganisha kwa ule waya wa manjano, ambao hupitisha rangi na mwangaza pamoja katika uzi mmoja, na kila baba alipogeuka, mistari ya tai yake ilimetameta rangi za upinde wa mvua. Hii mpya nimeiunganisha kwa waya wa HDMI, ule wa kidijitali wa picha na sauti, na mistari hiyo imetulia kabisa. Ndipo nilipotambua kwamba tai yenyewe ni ya buluu na kijivu, ile niliyomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimejua kwamba aliivaa siku ile. Nilikaa chini nikalia. Fundi anasema huo ni uzuri wa waya, wala si wa kukuza, na kwamba mashine yoyote ya bei nafuu yenye tundu la HDMI ingenipa picha hiyohiyo. Namwamini, na ndiyo maana nasema usiongeze hata shilingi moja kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye kasha.

Lakini mashine hii siiuzi, na dukani kule sirudi hata wakiniita kunirudishia pesa.