Impreza ya Tamiya TT-02: nimeijenga, nimeiuza, sijaiendesha

Niseme mapema tusije tukasumbuana, mie haya magari ya rimoti siendeshi. Nayajenga, nayatazama siku mbili tatu pale juu ya kabati, alafu nauza. Hili la Impreza ni la sita, na kati ya hayo sita hakuna hata moja lililogusa lami na rimoti ikiwa mkononi mwangu. Kwa hivyo anayetaka kujua linakimbia vipi kwenye kona akaulize kwengine, hapa utapata habari za mtu aliyekaa Kibokoni, Mombasa, usiku wa manane na skrubu mdomoni, feni imezimwa, jasho linatiririka mpaka kwenye kitabu cha maelezo.

Boksi nililetewa na khalati, dadake mama, kutoka Dubai. Yeye alidhani ni toi la watoto tu, alipolifungua ili apunguze nafasi kwenye begi akakuta plastiki tupu zimeshikana kwenye fremu na vipakiti vya skrubu, akanipigia simu moyo umemruka, "Mwanangu umeibiwa, gari lako limekuja vipande vipande!" Nikamwambia ndo lilivyo khalati, hivyo vipande ndo nimevinunua. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama mke wangu anajua.

Kwa wasioijua, Tamiya ni kampuni ya Japani, mji wa Shizuoka, ilianza 1946 ikiuza mbao, na gari lao la kwanza la rimoti ni Porsche 934 la 1976. Hii TT-02 ni chasisi waliyoitoa 2013, saizi ya 1/10 ya gari la kweli, inavuta tairi zote nne kwa shafti moja inayopita katikati, na juu yake wanaweka bodi za kila aina. Mie nikachagua Subaru Impreza ile ya mbio za Monte Carlo 1999 na sababu ni ya biashara tu. Hapa kwetu Subaru ni maradhi. Mtu hata leseni hana lakini atakusimulia dereva Colin McRae alivyoshinda Safari Rally 1997 na Impreza kana kwamba yeye ndo alikuwa amekaa kiti cha pembeni. Mara moja nilijenga gari zuri tu la mbio za kwenye saketi, la Kijerumani, likakaa juu ya kabati miezi mitano mpaka likashika vumbi. Subaru ya bluu haimalizi mwezi.

Sasa kujenga kwenyewe. Vipakiti vimeandikwa herufi, A, B, C, unafungua kimoja kwa wakati wake, na kitabu ni picha, ukijua kutazama picha huhitaji lugha yoyote. Kila skrubu imechorwa saizi yake halisi pembeni, unaweza kuilaza juu ya karatasi ukapima. Hapo nawapa Tamiya maua yao yote, sijaona kiwanda kinachoeleza kitu vizuri namna hii bila maneno. Lakini kitu kimoja hawakwambii vya kutosha, hizi skrubu zao ni za msalaba wa Kijapani, JIS, si ile nyota ya kawaida tunayonunua Mwembe Tayari. Zinafanana ukitazama. Ukitia bisibisi ya kawaida inapanda juu, inaruka, inakula kichwa cha skrubu. Gari langu la kwanza niliharibu vichwa kama kumi hivi nikadhani ni chuma kibovu, kumbe ubovu uko mkononi mwangu. Kwa anayeendesha hilo si neno, matope yatafunika. Kwa anayeuza mwonekano, skrubu iliyotafunwa ni kama kwenda harusini na kanzu yenye doa la mchuzi, wewe utasimama vipi watu wataona doa tu.

Difu, zile gia zinazoachia tairi ya kushoto na ya kulia zizunguke kila moja kwa kasi yake, ziko mbili, mbele na nyuma, ndani yake kuna vigiya vitatu vidogo vimekaa kwenye kichuma cha nyota katikati ya vikubwa viwili. Sehemu hii ndo tamu kuliko zote, wallahi. Unatia grisi, unafunga, unazungusha upande huu na upande wa pili unazunguka kinyume, na hata kama ni mara yako ya sita utakaa dakika tano unachezea kama mtoto. Feni huwa nazima hapa manake grisi ikidaka vumbi basi tena, na vile vipini vya milimita 2 kwa 10 vinavyokaa nyuma ya tairi havina uzito wowote. Kimoja kiliniponyoka safari hii, kikabingirika, kikaingia kwenye ufa wa sakafu ya mbao. Chini anakaa bi mmoja mtu mzima, saa tano usiku sikuthubutu kumgongea. Asubuhi nikashuka na salamu ndefu, nikauliza afya, nikauliza wajukuu, ndipo nikasema shida yangu. Akanitolea kwenye kikombe cha kahawa, alishakipata akifagia alfajiri, akanambia, "Nilijua ni chako, nani mwengine hapa anaangusha misumari usiku."

Haya, malalamiko. Kwanza mabushi. Mahali pa kukaa beringi wao wanakupa vipete, vingi vya plastiki. Pili shoki, ni za msuguano tu, plastiki inaingia ndani ya plastiki na springi juu, hakuna mafuta. Wanaoendesha hulalamikia hivyo vitu kwa sababu zao, mara mchanga mara kurukaruka, na mimi mwanzoni nikajiambia mie hayanihusu, langu ni la kukaa kabatini. Nikauza gari la pili vile vile lilivyotoka kwenye boksi. Hapo ndo nilipojifunza, gari lisiloendeshwa linapimwa kwa vidole! Kila mnunuzi, awe tajiri awe kijana wa chuo, akilishika anafanya mambo mawili bila kufikiri. Analisukuma chini kwa kiganja aone linavyoinuka, na anazungusha tairi kwa kidole. Shoki ya msuguano inashuka ikikwama, inarudi kwa kishindo, na tairi yenye bushi inazunguka nusu raundi inasimama. Uso wa mtu unabadilika hapo hapo, anaanza kusema "nitakupigia". Ukitia shoki za mafuta gari linashuka pole pole na kuinuka pole pole, na ukitia beringi, ile saizi ya 1150, yaani tundu milimita 5 na nje milimita 11, tairi za mbele zinazunguka mpaka mtu anacheka. Kwa hivyo sie tusioendesha tunazihitaji hizi kuliko hata wao, na Tamiya kutuuzia pembeni kitu kilichostahili kuwa ndani ya boksi, hilo siwasamehi.

Bodi sasa, na hapa ndo Mombasa inapokutesa. Inakuja plastiki angavu kama chupa, polikaboneti, na rangi inapigwa kwa ndani ili nje ibaki na mng'ao wa kioo. Lazima spreyi iwe ile ya polikaboneti, Tamiya wanaziita PS, ukipiga spreyi ya kawaida ya gari itabanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Na spreyi hazipandi ndege kwenye begi, kwa hivyo khalati hakuweza kunisaidia, nikaagizia kwa mtu Nairobi zikashuka na basi. Unaosha ndani kwa sabuni ya vyombo, unakausha, unabandika vile vizibo vya madirisha, unapiga tabaka nyembamba, unasubiri, unapiga tena. Rahisi kwenye kitabu. Lakini hewa yetu ya mwezi wa nne na wa tano, mvua za masika zimekaa, unyevu unaushika mkononi, rangi haikauki bali inavimba ukungu mweupe mweupe. Bodi ya gari langu la tano iliharibika hivyo kabisa, bluu ikawa kama maziwa yaliyotiwa wino. Hii ya sita nilingoja mpaka jua la saa saba mchana, siku kavu, nikapigia rosheni juu na shuka nimelitandaza kuzuia vumbi, mke wangu mpaka leo anauliza lile shuka lilikwenda wapi. Ikatoka mashallah. Siku ya kubandua ile nailoni ya nje, ukaona bluu imewaka chini ya ngozi ya kioo, hiyo raha siwezi kumuuzia mtu, nimeshaila mwenyewe kabla hajaja.

Stika ni nyingi na ni kazi ya subira, tia maji ya sabuni kidogo chini ili uweze kusogeza. Jifunge kitambaa kichwani. Tone la jasho likiingia chini ya stika huoni mpaka kesho yake limekauka likaacha alama.

Kuna jamaa hunambia, sasa kama huliendeshi umejuaje linafanya kazi? Swali zuri na jibu lake ni kwamba naliwasha, siliendeshi, ni vitu viwili. Ile sevo ya usukani, yaani kimota kinachogeuza tairi, lazima uipe umeme ijipange katikati kabla hujaifunga mkono wake, ukiifunga hivi hivi tairi za mbele zitatazama Likoni na gari linatazama Nyali. Kwa hivyo naliweka juu ya kopo la Blue Band, tairi ziko hewani, natia betri ya kuazima, nageuza kushoto, nageuza kulia, navuta mota kidogo tairi zizunguke, mwisho. Betri inatoka inarudi kwa mwenyewe. Zile tairi nne zikizunguka hewani pamoja zina mlio fulani mtamu wa nyuki, mke hutoka chumbani kuja kutazama, ati na yeye hapendi.

Hesabu, kwa mnaotaka kuiga. Boksi shilingi 20,500, rimoti na sevo 5,000, beringi 1,800, shoki za mafuta 3,500, spreyi nne 4,000. Hiyo ni 34,800, na kile kiboksi cha kuongoza umeme wa mota langu lilikuja nacho ndani. Nimeuza 42,000 bila betri. Faida 7,200 kwa usiku kama kumi na tano, gawa mwenyewe uone, mtu anayeuza viazi karai pale kona ananishinda mbali. Aliyenunua ni mzee mmoja wa Nyali anataka la kuweka ofisini. Kabla hajatoa pesa aliligeuza juu chini akamulika kwa tochi ya simu, akapitisha kidole kwenye chasisi yote kutafuta mchubuko. Hakuupata hata mmoja. Ndo maana siendeshi, yakhe. Raundi moja tu ya pale Mama Ngina ule mchanga unachora tumbo la gari, na kuanzia hapo linaitwa la mkono wa pili hata ukilifuta kwa hariri. Nilimwambia ukweli wote pia, kwamba tairi sikuzipiga gundi kwenye rimu manake la kukaa halihitaji, akitaka kumpa mjukuu akimbize lazima zipigwe gundi kwanza, na skrubu azipake mafuta ya cherehani kila baada ya miezi kadhaa kwa ajili ya chumvi ya bahari, na asiliache limekaa kwenye tairi zake mwaka mzima zitabonyea, aliweke juu ya kitu. Akanitazama akasema, "Kijana, hili gari au mgonjwa?"

Kama hujawahi kujenga, TT-02 ni ya kuanzia nzuri, hainyanyasi, plastiki inaingiana bila kulazimisha, na ukikosea unafungua unarudia. Ningeipa nyota nne. Ile ya tano imekatwa na shoki na mabushi, na sitaki kusikia ati ndo bei ilivyo, boksi la elfu ishirini si la njugu.

Aliyeumia ni mwana wa dadangu, ana miaka saba. Siku mzee anakuja kulichukua alikuwa amekaa mlangoni, "Mjomba, hata mara moja hapa ukumbini? Hata nikilishika tu?" Nilikataa, na sikujisikia vizuri. Nikampa ile bodi iliyoharibika ya gari la tano, ile ya maziwa na wino, haina chasisi haina tairi. Ameitoboa pua akatia kamba, na sasa hivi naandika nasikia anaivuta kwenye mawe ya uchochoro kwenda na kurudi, krrrr, krrrr, na mwenzake anakimbia nyuma yake akipiga honi kwa mdomo.