Baiskeli ya mazoezi ya triathloni Mtwara na Newala: ipi ununue

Anayetaka kutumia likizo kujifua kwa triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) huku Kusini ana maji ya ghuba ya Mikindani ya kuogelea, na nyuma yake Uwanda wa Makonde wa kupanda. Kinachomkwamisha ni baiskeli. Wengi dukani huulizia uzito na jina la kampuni. Anza na meno ya gia, kisha upana wa tairi, kisha breki.

Ujue kwanza unapanda nini. Kutoka Mtwara kwenda Newala kupitia Tandahimba, ardhi inainuka taratibu mno hata miguu ndiyo inayogundua kabla ya macho. Ukifika Newala uwanda unakatika ghafla, na pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma chini yako. Barabara ya kwenda Masasi inateremka ukingo huo, na kurudi juu ndiyo kazi yenyewe. Lami ya Tandahimba imekuwa ikijengwa kwa awamu, kwa hiyo jiandae na vumbi. Asiyetaka vumbi apite Mingoyo na Ndanda hadi Masasi: lami tupu, lakini malori ni mengi, hasa msimu wa korosho.

Ya kwanza: baiskeli ya changarawe. Ina usukani uliopinda kama ya mashindano, nafasi ya tairi la milimita 35 au zaidi, na breki za diski. Tafuta yenye gia ndogo ya mbele isiyozidi meno 34 na kubwa ya nyuma isiyopungua 32. Kwa gia hizo, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 8 kwa saa, mwendo ambao mwili unauhimili kwenye mwinuko mkali na jua la saa nne. Diski nazo zitakusaidia kwenye mteremko wa Masasi, maana mchanga ukishikana na breki za mpira hukwangua rimu. Bei yake ni kubwa, sikatai, ila inafaa njia zote mbili.

Ya pili: ya mlimani ya mtumba, isiyo na springi. Hii ndiyo ninayowashauri wanaoanza. Ivue matairi ya meno makubwa, uivishe laini. Gia zake ni nyepesi kuliko za baiskeli yoyote nyingine hapa. Nyingi zina gurudumu la inchi 26, saizi ambayo mafundi wameizoea. Springi za bei rahisi ziache kabisa: ukisimama kwenye pedali zinameza nguvu zako.

Hapa kuna jambo linalowaponza wengi. Rimu ya 700 ya baiskeli za mashindano na za changarawe ina kipenyo cha milimita 622, na ile ya inchi 28 ya baiskeli za kawaida za Phoenix ni milimita 635. Tairi la moja haliingii kwenye nyingine. Ukinunua yenye rimu ya 700, beba tairi la akiba na tyubu zako kutoka Dar es Salaam.

Ya tatu: ya mashindano ya zamani. Ni nyepesi na inapendeza, lakini nyingi zina meno 39 mbele na 25 nyuma. Kwa mizunguko ileile 60 lazima uende karibu kilomita 12 kwa saa, na ukingo wa Newala hautakuruhusu. Fremu zake nyingi pia hazipokei tairi pana kuliko milimita 28. Ikiwa utabaki kwenye lami ya Mingoyo, inatosha.

Ya mwisho: ya triathloni yenyewe, ile ya kulalia mikono mbele. Imetengenezwa kwa tambarare na upepo. Mashindano ya masafa ya Olimpiki, yenye kilomita 40 za baiskeli, hayakulazimishi kuwa nayo.

Kabla ya kulipia mtumba, pima mnyororo kwa rula. Pingili 24 mpya ni milimita 304.8, zikifika 307, umekwisha, na huenda umeshakula meno ya gia, basi punguza bei. Vuta nguzo ya kiti itoke: baiskeli iliyokaa pwani, chumvi huigandisha ndani ya fremu, na ikigoma kutoka usinunue. Fremu ya kaboni ipitishe kidole kote, na ukihisi ufa wowote karibu na pedali au shingo, iache hapo hapo.