Golden Gai, Tokyo: Baa Ndogo, Usiku Mrefu
Kwa mgeni anayeishi Japani, vichochoro vya Golden Gai katika eneo la Shinjuku, vyenye baa zipatazo 200 ambazo nyingi hazitoshi hata watu kumi, ni mahali pazuri pa kuzoeana na wenyeji, kwa kuwa wanaoketi bega kwa bega hawawezi kunyamaziana kwa muda mrefu. Baa nyingi hutoza ada ya kiti kabla ya kinywaji chochote, na baadhi hupokea wateja wa kudumu tu. Niliwahi kukataliwa mlangoni, tena kwa upole mwingi. Bakshishi haitolewi. Lawama yangu ni ngazi, zilizo wima mno kwa mtu aliyekwisha kunywa. Treni za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku, na anayechelewa hulipia teksi ghali au husubiri alfajiri.