Zappa: uanze na albamu ipi?

Anayetaka kumjua Frank Zappa, Mmarekani mwenye gitaa na ulimi mkali, huelekezwa mara nyingi kwenye albamu mbili.

We're Only in It for the Money (1968), aliyoitoa na bendi yake ya Mothers of Invention, ni kejeli tupu. Nyimbo ni fupi fupi, zinakatwa katikati, zinaingiliwa na minong'ono na sauti zilizoharakishwa, utadhani redio inatafuna kaseti. Hata picha ya jalada iliwakebehi bendi ya Beatles na albamu yao ya Sgt. Pepper, kampuni ya rekodi ikaogopa, ikaificha ndani. Mahipi, vijana wa enzi hizo waliokaidi desturi, wanachekwa, polisi nao hawaponi. Ila usipofuata maneno, utamu mwingi unakupita.

Hot Rats (1969) haihitaji ujue Kiingereza. Kati ya vipande 6, kimoja tu kinaimbwa, naye mwimbaji ni Captain Beefheart, sauti kama msasa. Sikiliza kipande cha Peaches en Regalia: ngoma zinafungua, kisha vinanda na saksafoni za Ian Underwood, zilizorekodiwa tabaka juu ya tabaka, zinapanda kama bendi nzima. Dakika tatu na ushee, nami huirudia.

Mimi ningeanza na hii. Ile ya kejeli ingoje siku yenye utulivu, maneno yakiwa mkononi.